Balungi la Daktari Kadenge

Mwaka wa tisini na sita mabalungi yalikuwa yakiozea sokoni Marikiti, Mombasa, maana nani anunue tunda chungu na machungwa yamejaa tele? Kadenge alilitazama fungu lile akaona riziki. Alijua jambo moja kuhusu binadamu: dawa tamu ataishuku, chungu ataiamini. Kufika adhuhuri maji ya balungi yalikuwa chupani, yametiwa mdalasini na jina la Kiarabu, na Kadenge, aliyewahi kufukuzwa kazi ya kufagia zahanati, alikuwa Daktari.

"Vidonge vya hospitali msiache," aliwaasa wagonjwa wa presha kwa sauti ya huruma. Vidonge vifanye kazi, balungi lipate sifa. Ajabu ni kwamba presha za watu zilishuka kuliko zamani, hata yeye mwenyewe akaanza kujiheshimu.

Sifa hizo zikamfikisha mtaa wa Kibokoni kwa Bi Badria, mjane mwenye presha na bangili za dhahabu.

"Sabalkheri, daktari," akasema bibi. "Nawe wameza vidonge?"

"Mimi, bibi? Tangu nizaliwe kidonge hakijapita kooni mwangu. Ni hii tu."

Uongo mtupu. Kadenge alikuwa na presha yake ya siku nyingi, na kila alfajiri alimeza kidonge kwa chai, mlango kaufunga. Lakini tabibu wa presha mwenye presha ni kinyozi mwenye chawa, hapati mteja.

Bi Badria akavua bangili moja akaiweka mezani. "Presha yangu ikishuka, hii yako. Ila kwetu mwenye dawa huonja kwanza."

Kuonja kwa Bi Badria kulikuwa bilauri nzima. Kadenge akanywa, macho kwenye bangili.

"Moyo wangu bado wasita," akasema bibi. "Rudi kesho."

Kesho yake, bilauri tena, na moyo bado wasita. Siku ya tatu hata bilauri hakuwahi kuiweka chini. Meza ilizunguka, bangili zikawa mbili, zikawa nne, na kabla hajachagua ya kuchukua, alikuwa sakafuni.

Alipofumbua macho, miguu yake ilikuwa imeinuliwa juu ya mto. Hanin, binti ya Bi Badria, aliyefanya kazi katika duka la dawa, alikuwa amemfunga kipimo mkononi.

"Imeshuka mno. Ndugu, umemeza kidonge cha presha leo?"

Kadenge aliitazama bangili. Akisema ndiyo, ameikosa. Akisema la, huenda akaikosa dunia. Aliogopa, aliogopa kweli.

"Kimoja," akanong'ona. "Kila siku."

"Balungi huuzuia mwili usikivunje kidonge. Kimoja kikafanya kazi ya vitatu. Ukipata nguvu twende kwa wateja wako wote, nyumba kwa nyumba, uwaambie waache balungi."

"Mimi Hanin alinionya mapema, sikunywa hata tone," akasema Bi Badria. "Wewe nilitaka uuonje uchungu wako tu. Kwamba wameza vidonge, wallahi sikujua, ulinikania."

Kadenge akajikongoja akakaa. Nguvu zilimrudia, na tabia nayo ikamrudia.

"Lakini bibi, haki isemwe. Tulipatana presha ikishuka, bangili yangu. Imeshuka, na kipimo ni shahidi."

Bi Badria akaivaa bangili yake taratibu.

"Tulipatana presha yangu, mwanangu. Hiyo iliyoshuka ni yako. Bangili kaidai kwenu."