Waraka wa Kuchakura

Kwa furaha kubwa, na bila kumuuliza kuku hata mmoja, Idara ya Ustawi wa Ndege wa Nyumbani ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu ile kila ndege anayefugwa atarudishiwa haki yake ya asili ya kujitafutia chakula. Mkurugenzi aliusoma waraka mwenyewe kwa kipaza sauti, ingawa tulikuwa watu saba tu na wote tulisimama mbele ya meza yake.

"Sahani imemlemaza kuku," alisema. "Anakaa, anangoja, analetewa. Hachakuri tena ardhi kama babu zake. Tumezalisha kizazi cha kuku tegemezi!"

Akanywa chai. Alikuwa ameletewa.

Mimi ni mfagizi wa uani katika idara hiyo. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo si mtu wa kusema waraka ulikuwa mbaya. Tena jambo lenyewe marehemu mke wangu alilifanya miaka yote bila waraka. Alifukia mtama chini ya majani makavu, akatundika mboga kwenye kamba, na kuku wakashinda kutwa wakichakura na kurukaruka. "Ukimnyima kazi," aliniambia, "atakuwa kama wale wa ofisini kwenu. Atashinda anadonoa wenzake."

Alifariki akiwa namba thelathini na moja kwenye foleni ya daktari aliyeamriwa kuona watu thelathini. Wakubwa wa hospitali walinieleza kwamba utaratibu ulifuatwa, nami nikaridhika. Huu ni mwaka wa tatu naridhika.

Aliniachia kuku watano. Kiongozi wao ni jike la madoadoa alilolipa jina la Shangazi, kwa sababu likiingia mahali hukagua kona zote kabla ya kusalimia. Hao kuku ndio watu wa nyumbani kwangu sasa. Jioni nikirudi, Shangazi hunifokea kwa kuchelewa, nami nalala nikijua nimefokewa.

Waraka ulihitaji kuku wa mfano. Mkurugenzi akaniita.

"Mzee, nasikia kuku wako ni hodari wa kuchakura. Idara inawaazima."

"Hadi lini, mheshimiwa?"

"Hadi zoezi likamilike."

"Lisipokamilika je?"

"Basi watabaki kuwa mali ya zoezi."

Karani akanisogezea kidau cha wino niweke dole gumba. Alidhani sijui kuandika. Sikutaka kumsumbua na habari zangu, nikaweka.

Siku ya kwanza yakaja magunia sita ya mtama, yana muhuri wa idara. Kifungu cha nne kilisema chakula kifichwe, ndege atafute. Mkurugenzi alisimamia kazi ya kuficha yeye mwenyewe, na kufikia saa sita mchana hapakuonekana hata gunia moja. Sijawahi kuona kifungu kikitekelezwa haraka namna ile.

"Kimefichwa wapi, mheshimiwa?" nikauliza.

"Nikikwambia nitakuwa nimewadekeza."

Banda la mfano lilikuwa na sakafu ya saruji, ili kuchakura kuonekane vizuri. Kando yake alikaa bwana mmoja mwenye saa ya mkononi na daftari, tuliyemwita Bwana Takwimu. Kuku wangu wakachakura saruji. Wakachakura tena. Bwana Takwimu akaandika: *Ari iko juu.* Siku ya pili hawakuwa wamepata kitu, wakachakura mara mbili zaidi, naye akaandika: *Ari inapanda kwa kasi ya kuridhisha.*

Nikatoa mkate mfukoni.

"We mzee, wee!" akaruka. "Unaharibu utafiti!"

"Wana njaa, bwana."

"Ndiyo utafiti wenyewe huo."

Siku ya tatu Shangazi alikaa chini asinyanyuke. Aliniangalia, hakunifokea. Nilipokwenda kumwomba Mkurugenzi, alikuwa na kasuku wake begani, anadonoa kutoka bakuli la kaure. Kasuku hakuhusika na waraka, alikuwa keshahamasika.

"Mheshimiwa, yule kuku wa madoadoa hasimami."

"Anapumzika. Na kupumzika ni asili vilevile. Uzinduzi ni kesho, mzee. Mgeni rasmi anatoka makao makuu. Nenda ukafagie, nisione uchafu uani."

Nikachukua ufagio. Sisi wafagizi karatasi hazituhusu sana, ila ardhi tunaijua. Nyuma ya banda nikaona punje ya mtama. Mbele yake punje nyingine. Gunia mojawapo lilikuwa limetoboka, Mungu alibariki tundu lile, na punje zilikwenda mstari mmoja uani kote, zikapita kwenye ua wa miti, zikaingia nyumba ya nyuma ya ofisi. Nyumba hiyo anakaa Mkurugenzi.

Niliamriwa kufagia. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, nilisahau. Badala yake nikaleta majani makavu na kuufunika mstari wote, taratibu, kama mke wangu alivyokuwa akifunika.

Asubuhi Mkurugenzi alisimama juu yake. "Majani ya nini haya?"

"Mandhari ya asili, mheshimiwa. Kwa ajili ya mgeni."

"Safi sana. Unaanza kuelewa."

Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mnene, mpole, mwenye miwani, tukamwita Mama Mkaguzi. Alikuja na fomu na alikuwa ameusoma waraka wote, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mkurugenzi akashika kipaza sauti.

"Kuku aliyehamasishwa," akanguruma, "hafichwi kitu asikione! Fungueni!"

Nikafungua. Nikamwinua Shangazi na kumweka penye majani. Akasimama kwa kutetemeka. Akapiga ukucha mmoja. Punje. Akapiga wa pili. Punje. Akawaita wenzake kwa ile sauti ya kuita watoto, na kuku wangu watano wakaenda mbele wakirusha majani, wageni nyuma yao wakipiga makofi.

Kufika kwenye ua wa miti, Mkurugenzi akakimbia mbele.

"Eneo la zoezi linaishia hapa!"

Mama Mkaguzi akafungua waraka. "Mpaka umetajwa kifungu gani?"

"Haujatajwa, ila..."

"Basi tusiwakatishe tamaa kuku."

Wakapita, tukapita. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Shangazi akaingia jikoni, akakagua kona zote, akageuka kulia, akaingia stoo. Tulipochungulia alikuwa nyuma ya mifuko ya unga, juu ya gunia la kwanza, na matano yalikuwa yamepangwa chini yake, mihuri imetazama mlango. Kando ya magunia ilisimama feni.

"Jamani," karani akanong'ona, "si feni yetu ya masjala ile?"

Mkurugenzi akakohoa. "Kama mnavyoona, chakula kilifichwa kitaalamu."

"Nakiri," alisema Mama Mkaguzi. "Sasa tujaze fomu. *Mahali chakula kilipopatikana.* Nani anaandika?"

Karani akasema mkono unamuuma. Bwana Takwimu akasema yeye ni wa namba tu, maneno hayamhusu. Nikasema, "Leteni hapa."

"Kumbe unajua kuandika, mzee?"

"Hamkuniuliza."

Niliandika polepole, herufi kubwakubwa kama nilivyofundishwa: STOO YA MKURUGENZI, NYUMA YA UNGA. Mama Mkaguzi akagonga muhuri. Kisha akakumbusha kifungu cha tisa, kwamba matokeo yatangazwe kwa kipaza sauti na Mkurugenzi mwenyewe. Akayatangaza. Sauti ilikuwa ndogo, lakini mashine ilikuwa nzima, na mtaa wote ulisikia hadi neno *unga*. Tukapiga makofi, maana ratiba ilisema makofi.

Zoezi likawa limekamilika. Nikawabeba kuku wangu nyumbani, na Shangazi akanifokea njia nzima.

Mkurugenzi aliambiwa akae nyumbani asubiri kupangiwa kazi. Bado anasubiri. Wiki iliyopita alikuja kwangu na kikapu, peke yake, viatu vina vumbi.

"Shikamoo, mzee."

Miaka kumi na tisa, ndiyo mara ya kwanza. "Marahaba. Karibu."

"Nina shida ya mayai. Nasikia kwako yapo."

"Yapo mengi. Tangu warudishiwe haki yao wanataga wanakotaka wenyewe. Yamefichwa."

"Yamefichwa wapi?"

"Nikikwambia nitakuwa nimekudekeza."

Akaweka kikapu chini, akapiga magoti penye majani makavu, akaanza kupekua chini ya ua. Shangazi akaja akasimama nyuma yake, shingo upande, anakagua. Nilivuta kigoda nikakaa. Sikuwa na saa ya mkononi, lakini ari yake ilikuwa juu.