Dawa Isiyojua Kiswahili

Konde, Pemba
Mwezi wa Rajabu, mwaka wa Kizungu 1938

Kwa Mheshimiwa Bwana Daktari,

Salamu nyingi na heshima zisizopungua. Mimi ni Badar bin Zahran, mwenye duka la vitambaa hapa sokoni Konde, mume wa Zuweina, yule mgonjwa wako wa kisukari. Sisi hatujambo, isipokuwa haya ninayokuandikia, ambayo yameninyima raha na sasa yanataka kuninyima heshima.

Kwanza nikushukuru. Zuweina alipoletwa kwako alikuwa amebaki mifupa na kiu. Hiyo insulini yako imemrudisha: uso umejaa, anacheka, ananijibu. Bila dawa hiyo leo ningekuwa mgane, nami nampenda mke huyu, nalisema bila haya. Ndiyo maana sipendi dawa yenyewe imsingizie.

Lalamiko la kwanza. Dawa yako haijui Kiswahili. Siku ile ulimuuliza mke wangu kutwa hufanya nini. Kama adabu inavyotaka, nilimjibia mimi: "Huyu hana kazi, Bwana Daktari, kakaa tu nyumbani." Ukaitikia kwa kichwa, ukampimia kwenye bomba la sindano dozi ya mtu aliyekaa. Mpaka hapo tulielewana. Tuliporudi, Zuweina akapiga sindano yake, akanywa chai kwa muhogo, kisha akakaa kama kawaida yake, yaani akachota maji kisimani, akatwanga mpunga, akafua, akapasua kuni, akaanika karafuu za ua mzima. Kabla ya adhuhuri akaanza kutetemeka, jasho likamtiririka, macho hayaoni vizuri. Jirani yetu Bi Mwatum akamtia kipande cha halua mdomoni, na haukupita muda akawa mzima. Yakatokea tena siku nyingine, na nyingine. Sasa nakuuliza kwa heshima: mtu aliyekaa anatokwa jasho la nini?

La pili linamhusu mama yangu, Bi Thuraiya. Sukari ikimshuka Zuweina, huwa si Zuweina. Juzi, mchi ungali mkononi, alimwambia mama mbele ya wageni: "Mchuzi wako huo, mama, hata paka wa sokoni kaukimbia." Akalishwa halua, akatulia, na hakumbuki alichosema. Mama anakumbuka vizuri sana. Mke wangu ni mtu wa adabu, kwa hiyo maneno yale ni ya dawa, na naomba dawa imtake radhi mama yangu kwa maandishi.

La tatu ni Nyange, msaidizi wako anayepita huku kuangalia wagonjwa. Nilimweleza haya yote, naye akacheka mpaka akashika mlango. Akasema kazi za mwili hula sukari iliyomo damuni, na dawa nayo huishusha, na zikikutana hizo mbili mgonjwa huanguka. Kwa hiyo siku ya kazi nyingi apunguze dozi, ale kitu kabla ya kuanza, na halua isikae mbali naye hata kazi ikishakwisha. Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwamba siku moja Zuweina anaweza kuanguka asiinuke. Hapo niliogopa, sikufichi. Siku hiyo duka sikulifungua. Lakini nilimkumbusha kwamba mke wangu hana kazi. Akaniuliza, na kutwanga je? Nikamjibu kwamba kutwanga ni katika kukaa.

Tangu hapo kukaa kumevurugika nyumbani kwangu. Kila asubuhi kabla ya sindano Zuweina hujiuliza kwa sauti: "Leo miye nakaa kukaa gani?" Kuna kukaa kwa kutwanga, hapo dozi hupungua sana. Kuna kukaa kwa kufua, hupungua kidogo. Kuna kukaa kwa kushona kofia, hapo hupiga kamili. Majuzi alialikwa harusini Shumba, akapunguza kwa mazoea, kumbe kule wageni hawaachiwi kushika hata mwiko. Alikaa mkekani tangu kufika mpaka kuondoka, akarudi sukari imempanda, ana kiu ya kumaliza mtungi. Na ugonjwa huu wa maneno unaambukiza: Bi Mwatum, ambaye hana kisukari, naye sasa anamuuliza mumewe leo akae kukaa gani. Wanaume wa mtaa wananilaumu mimi.

La nne limefutwa kwa ombi la mama.

La tano ndilo zito. Tukiisadiki dawa, itabidi tuseme Zuweina anafanya kazi. Na ikiwa yeye anafanya kazi, mimi ninayefanya kazi nafanya nini? Kila siku baada ya chai nakwenda kazini. Nakaa dukani mpaka adhuhuri, narudi kula, kisha nakwenda tena kukaa mpaka alasiri. Mgongo wangu ni shahidi. Haiwezekani nyumba moja iwe na watu wawili wenye kazi, na mmoja wao hatoki nje ya ua, isipokuwa kwenda kisimani, kuni na shambani.

Basi naomba moja katika mawili: ama uniletee insulini iliyozoea maneno ya Pemba, ama uniandikie cheti chenye mhuri kwamba mke wangu kakaa. Ili usidhani nasema ovyo, kesho Zuweina atashika duka, nami nitakaa nyumbani mahali pake kutwa nzima. Barua hii sitaifunga mpaka nikueleze nilivyopumzika.

Nisalimie bibi wa nyumbani kwako, wauguzi wote, na Nyange pia, ingawa alicheka. Mama anakusalimu. Bi Mwatum anakusalimu na anauliza kama kuna sindano ya wasio wagonjwa.

Wako mtiifu, mwenye kufanya kazi,
Badar bin Zahran

Tanbihi. Bwana Daktari, mwandiko huu si wangu. Vidole vyangu havishiki kalamu, kwa hiyo nasema mimi, na Zuweina ndiye anayeandika. Jana nilikaa. Nilikaa kwa kuchota maji, nikakaa kwa kupasua kuni, na nilipokuwa nakaa kwa kutwanga mikono ikatetemeka, jasho likanitoka, nikamwambia mama habari za mchuzi wake. Nami kisukari sina. Zuweina, kwa kuwa anakwenda kazini, alipiga dozi ndogo ya kutwanga, akakalia kiti changu dukani, na dozi haikumtosha: alirudi na kiu ileile ya Shumba. Dawa inajua Kiswahili kunishinda. Tafadhali lifute lile neno langu. Andika kwamba mke anafanya kazi, umpimie kwa kazi zake, nisije nikampoteza kwa ajili ya neno. Na wakikuuliza habari za mumewe, andika kakaa tu dukani.

Haya ya mwisho ni yangu mimi, Zuweina. Halua ipo, na mama kamsamehe mwanawe. Leo nimepiga dawa kamili, sikupunguza hata mstari mmoja wa bomba. Badar kaenda kisimani, namsikia anavyougulia njia nzima. Mimi nimekaa.