Milo Sita Bila Neno

Laini ya Juu, shamba la pareto,
Dundori.
Tarehe 7 Septemba 1957

Kwako Bwana Daktari, mkubwa wa kazi wa binti yetu Jeruto,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima isipokuwa kifua, na kifua chenyewe unakijua kuliko mimi, kwa maana ulikisikiliza kwa ile mipira yako ya masikio mpaka ukatikisa kichwa. Ni mimi Kiptanui arap Kosgei, yule mrefu mwenye koti la jeshi, uliyemwuliza swali moja naye akakujibu mpaka wagonjwa wa nyuma wakaambiwa warudi kesho. Najua hujanisahau.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisoma hadi darasa la tatu, na la nne ningelimaliza kama mwalimu hangeanza kuniogopa.

Shauri langu ni hili. Jeruto ni mtoto wa dada yangu. Nilimbeba mgongoni kutoka Kuresoi mpaka hapa akiwa na miaka miwili, huku mkono mmoja nikivuta ng'ombe wanne na mwingine nikifukuza fisi. Leo ni nesi msaidizi, na kila Jumamosi anakuja shambani kwetu na lori la hospitali. Ulimwambia kwamba mapafu yangu yamechoka kwa moshi na vumbi la banda la kukaushia maua ya pareto, nilikofanya kazi miaka kumi na sita. Ulimwambia pia kwamba nimekonda kwa sababu kazi ya kuvuta pumzi inanila kabla mimi sijala, kwa hiyo ninenepeshwe. Ukaandika karatasi ya chakula. Jeruto akaipigilia ukutani kwangu kwa misumari mitatu. Tangu siku hiyo, wiki nane sasa, mwenye nyumba si mimi tena, ni karatasi.

Kwa heshima zote nalalamika kama ifuatavyo:

1. Karatasi inasema nile kidogo kidogo, mara sita kwa siku, eti nikijaza tumbo mara moja linasukuma mapafu juu na kuyabana. Bwana Daktari, mimi ni mtu ambaye vitani alimaliza sufuria ya kikosi kizima, na kikosi kikashukuru. Leo naletewa ugali wa ukubwa wa ngumi ya mtoto. Kabla sijaushangaa vizuri umekwisha, na kabla sijaanza kuulilia umekuja mwingine. Mke wangu Jepkoech anasema tangu tuoane hajawahi kuosha sahani nyingi hivi kwa ajili ya mtu asiyeshiba.

2. Mayai mawili kila siku. Kwetu yai ni chakula cha mtoto asiyeweza kukimbiza kuku. Sasa kuku wa laini nzima ya nyumba zetu za vibarua wananijua. Nikitokea mlangoni, wanakaa juu ya mayai yao na kunitazama kama askari wa zamu.

3. Maharagwe na kabeji nimenyimwa, kwa kuwa vinajaza upepo tumboni. Chumvi nimepunguziwa. Kiko changu kimechukuliwa na Jeruto mwenyewe, akakitia mfukoni mwa ile nguo yake nyeupe bila hata kusema samahani. Badala yake nimepewa maziwa lala, siagi ndani ya uji, nyama laini, na parachichi, tunda ambalo halijui kama ni mboga au mafuta ya kupaka.

4. Kabla ya kila mlo nipumzike nusu saa, ili nisianze kutafuna nikiwa nahema. Basi nakaa kwenye kiti nje ya nyumba, wima, mikono magotini, napuliza pumzi polepole kwa midomo kama mtu anayepoza uji ambao hana. Wapita njia wanaingia ndani kwa Jepkoech kumpa pole. Mama mmoja alileta kuni za matanga.

5. Sasa nafika kwenye jeraha lenyewe. Karatasi inasema nikila nisiongee. Jeruto alipoifikia hiyo mistari aliisoma mara mbili, akanitazama usoni, akasema: "Mjomba, hii imeandikwa kwa ajili yako peke yako." Nikifungua mdomo na tonge ndani, ananigonga goti na kijiko. "Tafuna, mjomba. Kiboko atakungoja."

Kiboko huyo, Bwana Daktari, ni yule niliyempanda Naivasha mwaka wa thelathini na nane, kutoka ukingo wa ziwa pale Kihoto mpaka karibu na stesheni ya reli, nikimshika masikio. Hakuna mtu wa Laini ya Juu asiyeijua habari hiyo. Walikuwa wakija kwangu kila jioni wakati wa chakula, mimi nala na kusimulia, nasimulia na kula, wao wanasahau hata kuondoka. Ndivyo nilivyoheshimika hapa. Sikuwahi kuwa nyapara, sina ng'ombe wa kuhesabu, lakini nina kiboko.

Fanya hesabu, wewe uliyesoma. Nusu saa ya kupumzika, nusu saa ya kutafuna, nusu saa ya kukaa wima chakula kishuke: mara sita, masaa tisa. Kulala masaa tisa. Yanabaki sita, na hayo ndiyo masaa ambayo watu wote wako shambani wanachuma maua. Namsimulia nani? Nimewasimulia ndama. Ndama mmoja aliondoka kabla sijafika majini.

Na kiti changu hakikubaki kitupu. Jirani yangu Khaemba, mtu wa Magharibi aliyekuja hapa mwaka wa arobaini na tisa, na ambaye kifua kiliponishinda alichukua nafasi yangu kwenye banda la kukaushia, sasa ndiye anayesimulia kiboko changu. Mimi niko pale pale, parachichi mdomoni, siwezi kumsahihisha! Anasema: "Basi kiboko akafungua mdomo, na arap Kosgei wetu akapanda mti." Mti! Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nikimtolea macho anasema, "Mzee, meza kwanza. Nesi anakuja Jumamosi."

Nitakuambia jambo moja kwa sababu wewe ni daktari na hutalitangaza. Khaemba hakuanza kunimalizia hadithi wakati wa karatasi. Alianza mwaka jana. Nilikuwa nikifika pale kiboko anapofungua mdomo, pumzi inanikatikia kifuani kama kamba, nakaa nimeinua mkono, watu wananingoja, mimi naingoja pumzi. Khaemba ndiye aliyesema "akapanda mti" ili watu wacheke wasinitazame. Lakini hilo lisikusumbue. Tuendelee na malalamiko.

6. Jeruto hana mizani ya kupimia watu, kwa hiyo napimwa kwenye mizani ya pareto, ghalani, mbele ya wachumaji. Karani wetu Ogola ananisimamisha kwenye sahani ya mizani kati ya magunia mawili na kuita kwa sauti ile ile anayoitia maua: "Arap Kosgei, ratili mia moja na kumi na mbili, kavu!" Hiyo ilikuwa Jumamosi ya kwanza. Mimi, ambaye kwa miaka kumi na sita niliilinda mizani hiyo hiyo! Nimewakamata watu waliomwagia maua maji yawe mazito. Nimewakamata walioficha mawe ya mtoni chini ya gunia. Hakuna jiwe lililowahi kupita mbele ya macho yangu. Na leo naitwa kavu.

Hata hivyo, Bwana Daktari, nimepanda. Jumamosi iliyopita Ogola aliita ratili mia moja ishirini na moja. Ratili tisa kwa wiki nane! Na kwa kuwa sasa nimenenepa, nimepona. Na kwa kuwa nimepona, karatasi haina kazi. Na karatasi isiyo na kazi ikiendelea kutawala nyumba ya mtu, hiyo ni dhuluma, na serikali inapaswa kujua. Tena fikiri: chakula ni cha kuleta pumzi. Pumzi ni ya kusimulia. Basi chakula kinachonizuia kusimulia kinaiba mali ambayo chenyewe kimeileta. Hata mahakama ya Nakuru haiwezi kulipinga hilo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, nayo ni madogo.

La kwanza, Jeruto ahamishwe. Nasikia Lodwar wanahitaji manesi sana, na huko hakuna parachichi. Aende na karatasi yake na ile misumari mitatu.

La pili, niandikiwe cheti chenye muhuri, kikisema kwamba katika milo yangu sita, mlo wa jioni nina ruhusa ya kuongea, na anayenigonga goti amevunja sheria.

La tatu, Khaemba apigwe marufuku, kwa maandishi, kuutaja mti wowote ulioko Naivasha.

Natumaini utayatazama haya kwa jicho la huruma. Nisalimie mpishi wa hospitali, yule nesi mnene aliyecheka hadithi yangu ya fisi, mzee wa kitanda cha dirishani kama bado yupo, na dereva wa lori, mwambie apunguze mwendo kwenye ile kona, analeta mpwa wangu.

Ni mimi mtiifu wako, nisiyeshiba,

Kiptanui arap Kosgei,
Mpanda Kiboko.

N.B. Leo ni tarehe 23. Barua hii ilikaa wiki mbili mfukoni mwa koti langu kwa kukosa mtu wa kuipeleka mjini, na humo imeniharibia mambo.

Jumamosi iliyofuata, nikiwa bado sijapanda kwenye mizani, Jeruto alisikia nina barua ya posta, akatia mkono mfukoni kuichukua. Akatoa jiwe. Akatia mfuko wa pili, akatoa jingine, pamoja na kufuli la ghala lililopotea mwezi wa saba. Mimi niliyewakamata watu miaka kumi na sita! Nilidhani atanitangaza. Alinivua koti tu, taratibu, kama nilivyokuwa nikimvua lake akiwa mdogo, akasema, "Karani, sasa pima." Ogola akasoma mia moja na kumi na sita, na kwa mara ya kwanza hakuita kwa sauti.

Basi zile ratili tisa, tano zilikuwa za mto. Nne zilikuwa za karatasi yako.

Kwa aibu hiyo nilikula wiki nzima bila neno. Milo sita kila siku, mayai, siagi na lile tunda. Hata kijiko hakikuhitajika. Jumamosi iliyopita nilipimwa bila koti: mia moja na kumi na nane. Na Jumapili mchana baada ya kanisa, watu wakiwa wamekaa kwenye ukuta wa ghala, niliwasimulia kiboko. Nilipofika anapofungua mdomo, nilimwona Khaemba anafungua wake, tayari na mti wake. Nilipuliza pumzi polepole kama ninayepoza uji, nikapita. Nikamshika masikio, nikavuka reli, nikamfikisha stesheni, na bado pumzi ilikuwapo. Jeruto, ambaye alikuja kututembelea siku hiyo, aliinama akafunga kamba za viatu vyake. Alizifunga muda mrefu sana.

Kwa hiyo ile ya Lodwar ifute. Cheti pia usiandike.

Lakini nina ombi jipya. Jioni ya Jumapili hiyo hiyo Khaemba alitaka kulipiza, akaanza hadithi yake mwenyewe ya mamba wa huko kwao. Kabla mamba hajatoka majini, alikatikiwa na pumzi. Nilimwona ameinua mkono, anaingoja. Sauti ile ya kifuani naijua, ni ya banda. Nikamsaidia, nikasema mamba alipanda mti, watu wakacheka, naye akapata muda wa kuvuta.

Mwandikie karatasi kama yangu. Kwake weka milo kumi na moja, yote ya kimya, na misumari nitaleta mimi. Ila fanya haraka, Bwana Daktari, na umsikilize kifua vizuri kuliko ulivyonisikiliza mimi. Huyo akinyamaza kabisa, nani atakayenibishia? Na kiboko asiye na mtu wa kumbishia nitampanda mbele ya nani?