Flashi ya Kulia

Jumatatu, 9 Juni
Jambo hili sijawahi kumwambia mtu: siwezi kuimba. Miaka miwili kwenye kwaya ya shule nimekuwa nikifungua na kufunga mdomo tu. Hakuna aliyegundua! Leo Mwalimu Kageha ametangaza kwamba Ijumaa kila mwanakwaya ataimba peke yake mbele ya shule. Atakayeshindwa atatolewa. Kwaya ndiyo mahali pekee ninapokaa na watu bila kulazimika kuongea. Sitoki!

Jumanne, 10 Juni
Mpango umepatikana. Wangila wa darasa letu ataleta spika ya mjomba wake, ile ya magurudumu inayokodishwa matangani, ili tuimbe juu ya biti. Nimemwomba jirani yetu Adhiambo aimbe wimbo wangu, nikarekodi kwa simu ya mama, nikauweka kwenye flashi. Aliuliza mbona nisiimbe mwenyewe. Nikasema ni utafiti.

Jumatano, 11 Juni
Jepkorir, mwenye sauti na anayejua anayo, kaniuliza mbele ya wote: "Musimbi, wewe utaimba ama utatusomea kamusi?" Wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu. Ngoja Ijumaa!

Alhamisi, 12 Juni
Spika ina matundu mawili. La kushoto lina flashi ya mjomba; la kulia, yangu. Nimemwagiza Wangila, zamu yangu ikifika, acheze ya kulia. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Kijana makini sana.

Ijumaa, 13 Juni
Flashi ya mjomba imeandikwa KULIA. Ni ya matanga.

Nilifungua mdomo, vikatoka vilio vya akina mama wasiopungua ishirini. Mdomo wangu, kwa mazoea, ukavifuata. Mwalimu mkuu akavua kofia. Shule nzima ikasimama. Jepkorir akaniuliza, kwa upole kabisa, nani amefariki. Wangila akaapa kwamba alifuata maagizo.

Mwalimu Kageha akaizima spika, akaniambia niimbe hivyo hivyo. Nikaimba mstari mmoja. Akaomba spika iwashwe tena.

Nimetolewa.

Jumatatu, 16 Juni
Mwalimu wa maigizo kanisimamisha koridoni. Eti hajawahi kuona mwanafunzi akilia vile. Ananipa nafasi ya mjane. Onyesho ni Ijumaa. Nikakubali haraka. Kulia pia siwezi.

Baada ya masomo nilienda kwa Adhiambo, nikamwomba alie dakika tano, nikarekodi. Kisha nikabandika karatasi kwenye flashi, Wangila asije akachanganyikiwa tena. Nimeandika: KUSHOTO.