Nusu Inchi za Madereva Kumi na Tisa

Kwa Mheshimiwa Bosi wa Binti Yangu,

Salamu kwanza. Baba watoto hajambo, ila goti. Mama mkwe hajambo, anasema ule vizuri. Wifi hajambo, kitinda mimba wangu hajambo, hata paka amezaa salama. Hofu ni kwako, mkeo na watoto.

Niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea nisahihishe kimoyomoyo. Ni mimi niliyewashonea sare madereva wa kampuni yenu, na binti yangu ndiye anayewatengenezea programu za kompyuta, ikiwemo iliyonipa vipimo vya sare hizo. Suruali zote kumi na tisa zimepasuka siku ya kwanza, na yeye umempa barua ya onyo, ajieleze Jumatatu kwa nini asifukuzwe. Nalalamika hivi:

1. Binti alinionyesha mambo yalivyokwenda kwa makopo yangu ya vifungo. Programu mpya inajitazama kama mtu kwenye kioo, inasoma majina ya makopo yake yenyewe: kiuno, paja, urefu. Halafu inakwenda kwenye programu ya zamani, inatafuta kopo lenye jina hilohilo, inamimina. Sasa kopo la zamani lilibeba hata nusu, jipya linabeba namba nzima tu. Kiuno cha thelathini na nne na nusu kikaingia thelathini na nne, nusu ikamwagika kimya. Je, aliyeagiza makopo ya namba nzima ni nani? Si wewe uliyesema nusu zinachafua ripoti?

2. Madereva nao wana lao. Mtu mzima na ndevu zake anakuja kupimwa ana nusu kiunoni. Yule mnene wa lori aliinama kukagua tairi, mpasuko ukasikika mpaka ofisini. Angekuja na kiuno kamili tusingefika hapa. Onyo apewe yeye.

3. Nasikia kiatu chako ni namba nane na nusu. Vaa nane mpaka Jumatatu, upande na kushuka ngazi zote za ofisi, ndipo uamue kama nusu ni kitu kidogo.

4. Mwanangu tangu utoto akigawa mkate, hata makombo anayagawa. Mtu wa namna hiyo hatupi nusu kwa hiari yake. Alikimbizwa, na haraka hutoka juu. Kwa hiyo wa kujieleza Jumatatu ni wewe. Mama mkwe amekubali kuja kusikiliza, ila uongee kwa sauti.

Naomba onyo lifutwe, na ukiweza mpandishe cheo. Suruali nimeshazifumua, nazipanua bure kwa akiba ya mshono.

Nisalimie mkeo, watoto, mlinzi wa getini na madereva wote, hasa wale ambao bado wanaona haya kuinama.

Ni mimi,
Mama yake, fundi cherehani

Nyongeza: Binti ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Akaniangalia, akauliza, mama, na ile simu je? Kweli, simu sikuiandika. Programu yake alikuwa ameifundisha kwamba ikikuta nusu isiyoingia kwenye kopo, isimame na kusema. Jumatano ikasimama kweli. Mimi nikampigia: cherehani zimelala, mafundi wanatazamana, ondoa hicho kizuizi uniletee orodha ilivyo. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nikamkumbusha nani alimzaa. Akaondoa. Na huko kwenu amekaa kimya, hataki kusema ni nani aliyemwambia.

Basi hiyo barua ya onyo niandikie mimi. Jina langu ni la maneno matatu, tafuta kopo la kulitosha lote. Yeye arudishiwe kizuizi chake, na safari hii hata mimi nikipiga simu asiniitikie.

Nijibu upesi, kabla ya Jumatatu. Mtoto hali chakula.