Miguu ya Stuli ya Imogen

Jumatatu, 8 Septemba
Mkuu wa shule katangaza: tutapeleka kazi moja tu kwenye maonyesho ya Melbourne. Moja! Ama stuli ya Imogen Tully, mwanafunzi wangu wa useremala, ama koti la mvua la Huong Lam, wa darasa la ushonaji la Bi Petrakis. Miaka sita mfululizo wanakwenda wa nguo. Bahati? Thubutu! Petrakis anawashonea, nina hakika.

Jumanne, 9 Septemba
Nilipita chumba cha cherehani mara nne, eti naazima gundi. Petrakis kakaa tu, anatafuna keki ya nazi, hagusi kitu. Mjanja huyu! Mtu asiye na hatia hatulii hivyo. Mara ya nne akaniambia, "Des, mwenzangu, gundi iko kwako. Huku tuna uzi." Wanafunzi wakaangua kicheko. Sikucheka.

Alhamisi, 11 Septemba
Kusaini madaftari ya usanifu. Kila wiki mwalimu huthibitisha kwamba amesoma maelezo ya mwanafunzi na kwamba kazi ni ya mikono yake mwenyewe. Kurasa arobaini kwa dakika sita. Nani ana muda wa kusoma? Nilikuwa namchungulia Petrakis dirishani.
Kisha nikaiangalia stuli. Balaa! Miguu miwili ni mifupi kuliko mingine, kwa upana wa vidole viwili. Binti mwenye mkono mzuri vile! Kuna mtu kamchezea. Jina ninalo, ila siliandiki. Petrakis.

Jumamosi, 13 Septemba
Karakana tupu, mji mzima uko uwanjani kutazama mpira. Nikashika msumeno, nikapunguza ile miguu mirefu, nikapiga msasa kidogo, nikaweka pimamaji. Sawasawa kabisa! Huu si udanganyifu. Udanganyifu ni wa Petrakis. Mimi nimesawazisha tu. Imogen sitamwambia, asije akajisikia vibaya.

Jumatatu, 15 Septemba
Siku mbaya. Asubuhi Imogen aliipeleka stuli kwa bibi yake, jirani na shule, kwa kuwa bibi ndiye aliyetengenezewa na ndiye wa kuijaribu. Saa nne bibi yuko ofisini kwa mkuu, sketi imejaa udongo, na mimi na Petrakis tumeitwa. Alikaa, stuli ikampindua mpaka kwenye maua. Imogen analia.
Bibi hakuomba hata maji. "Nani kaiharibu stuli yangu? Wiki iliyopita nimeikalia vizuri tu, leo inanimwaga kama maji ya vyombo!"
Nikamkazia macho Petrakis. Bibi akaendelea: stuli mbovu, imekaa upande. Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikapaza sauti kwamba haiwezekani, Jumamosi nimeipima mwenyewe kwa pimamaji!
Wote wakanigeukia mimi.
Petrakis akafungua daftari la Imogen, akasoma taratibu: veranda ya bibi imeinama, kwa hiyo miguu miwili itakuwa mifupi. Chini yake, sahihi yangu. Kubwa, nzuri.
Imogen akasema, "Mwalimu, si ungeniuliza tu?"
Iliniuma. Naandika hapa tu.

Jumatano, 17 Septemba
Koti ndilo litakalokwenda Melbourne, gari linaondoka leo mchana. Imogen ana siku mbili za kuchonga miguu mipya, la sivyo hapati alama. Atasimamiwa na Petrakis, karakanani kwangu! Mimi nimehamishiwa kwenye cherehani. Imogen kanipita koridoni bila salamu. Nina aibu, kweli. Lazima nitende jema moja ili shule hii inisamehe.
Koti limetundikwa hapa mbele yangu. Huong kamshonea daktari wa mifugo, yule anayezalisha ng'ombe wa watu mashambani kwa kutia mkono mzima ndani. Daftari lake nimelisaini asubuhi. Lakini ajabu! Mkono wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa shubiri nzima, tena umebana mpaka begani. Na Petrakis hajaona? Au kaona, akanyamaza ili aibu iniangukie mimi?
Hanipati. Wote wako kwenye chakula cha mchana. Mkasi nimeuona.