Fundi wa Remorki Yangu Asipande Treni

Kolwezi, tarehe 11 Machi 1993

Kwa Tata Mukubwa wa Orodha,
Mutaa wetu

Tata Mukubwa,

Zamani ningeandika Citoyen. Kisha Serikali ikasema turudilie Monsieur. Mi sijui kesho watasema nini, basi nimeandika Tata, kwa sababu hiyo haijabadilishwa bado. Nakusalimia na heshima yote. Mi ni Ngoy Séraphin, wa avenue ya nyuma ya soko, mwenye remorki ya bati, trela ile ya kufungwa pande zote, batoto banaiita sanduku la Ngoy. Nakuandikia juu ya fundi wangu wa kuran, wa umeme, Mulumba, jirani wa lupango ya pembeni, ambaye mumemuweka kwa Orodha ya batu ya asili ya Kasai ya kurudishwa kwao na treni ya Jumamosi hii.

Niseme wazi kabla ya yote: hii si barua ya urafiki. Mulumba si rafiki yangu. Ni mubishi, anakunywa chai yangu bila kuomba, na sasa ni miaka kumi na tisa tunagombana juu ya ukuta kati ya lupango zetu. Malalamiko yangu ni ya kazi tu, nayo ni haya.

1. Kazi haijaisha. Muke wangu, mama Mwadi, anauza samaki ya ziwa ya Nzilo mpaka Fungurume. Remorki ilikuwa ya kubeba vyombo vya kompani ya shaba. Kompani ilipoanguka ikabaki kwa majani, mi nikaikokota nyumbani. Mulumba akaweka batri ya kamyo chini ya benchi, ndani ya kasha lenye tundu la kutoa harufu ya asidi. Ubavuni akatoboa prizi ya kuingiza kuran, akaifunika na kipande cha bati juu ya kuzuia mvua. Remorki ikiwa nyumbani, tunavuta waya mrefu kutoka dirishani, frigo ya kupoza samaki inanguruma na batri inajaa. Tukiwa barabarani tunachomoa, samaki banalala juu ya barafu, na batri inawasha taa mbili na feni. Ni kitu ya ajabu, Tata, ungekuja kuangalia. Lakini swichi kubwa, ile ya kubadilisha kutoka kuran ya nyumba kwenda kuran ya batri, haijafungwa mpaka leo; Mulumba anabadilisha waya na mikono.

2. Waya yote ni nyekundu. Si kosa ya Mulumba. Kwenye magazini, stoo ya kompani, batu bakubwa balibeba waya ya rangi zingine kabla yetu, na sisi batu badogo tukabakishiwa nyekundu. Sasa waya kumi na saba zinapita ndani ya remorki na zote zinafanana. Mulumba akapasua kikwembe, kitenge cha muke wake, mama Bilonda, akafunga kitambaa kwa kila waya. Penye picha ya ndege ni batri. Penye maua ni nyumba. Penye vidole, sijui. Nilimuuliza, akanijibu nisiguse. Maana yake yote iko kwa kichwa yake, na hicho kichwa ndicho munataka kupandisha treni.

3. Nilijaribu kutii sheria. Mulisema kazi ya hapa ifanywe na mwana wa hapa, nikasema ndiyo, nikaita Louis afunge swichi, mwana wa hapa tangu babu ya babu yake. Louis akaunganisha ndege na maua. Yesu Maria! Redio ilitoa moshi, feni ikazunguka kinyume, na kuku yangu ilikimbia lupango mpaka Jumapili, siku ya mungu. Louis mwenyewe ni muzima, anakusalimia, lakini hataki kuona remorki tena.

4. Orodha haijakamilika, na mi kama raia mwema nakuonyesha penye mulisahau. Kama kila chenye asili ya mbali kiondoke, tuwe wakweli basi. Batri imetoka Ubelgiji. Frigo ni ya Afrika ya Kusini. Taili ni za Zambia, nazo zimeisha kabisa, lakini asili ni asili. Tafazali andika byote, na vijana wenu baje kuvisindikiza kwa stesheni. Mi nitabaki na samaki, bao ni bazaliwa ya Lualaba bila shaka yoyote, lakini batakuwa bameoza.

Kitu moja tu ndani ya remorki ni mwana wa nchi: ile shaba ndani ya waya. Ilichimbwa hapa, huko Mutoshi, ikaenda kutembea Ulaya, ikarudi imevaa nguo nyekundu. Na mwenye kuichimba, nilitafuta kwa faida ya Orodha, ni marehemu baba yake Mulumba, miaka ishirini na nane ya kazi ndani ya shimo ya kompani, na leo amelala kwa makaburi yetu. Huyu naye mutamuondoa namna gani, sijui. Munijibu kwa maandishi.

5. Mulumba hajui njia. Amezaliwa hapa hapa, kwa lopitali ya kompani, chumba kimoja na dada yangu. Kasai hajaiona hata kwa picha. Mukimtuma kule kwa jina la kumrudisha, atapotea, na ofisi yako itapata aibu. Mutu anarudishwa penye alitoka. Huyu alitoka kwa mulango ule wa bati ya buluu, namba kumi na nne, na kila jioni anarudi pale bila musaada wa Serikali.

6. Hapa naomba usome pole pole. Nimeuliza nani aliandika jina ya Mulumba kwa Orodha, maana kwa avenue yetu hakuna mutu anamuita Mukasai, tunamuita Mulumba wa Kuran. Jibu nimelipata. Ni mimi. Vijana wenu walipita na kaye, daftari yao, wakaona taa inawaka ndani ya remorki na avenue nzima iko giza, wakauliza nani amefanya kazi nzuri vile. Tata, wewe unajua sisi: fundi akiwa wa karibu, kazi yake haina sifa. Nikataka kujivuna. Nikasema fundi wangu si wa hapa, fundi wangu ni wa Kasai, bale ndio banajua kuran. Wakaandika. Nikafurahi hata, nikawatajia jina kamili na namba ya lupango, nikidhani banatafuta fundi. Kalamu waliyoandikia ni yangu.

Basi maneno ya mutu mwenye kujivuna si ushahidi. Uliza mutu yeyote wa avenue: ni mi huyu huyu nilisema nilikokota remorki kutoka Likasi na kinga, baiskeli ya babu yangu. Kama hiyo munaikataa, na ile nyingine muikatae. Kama lazima Orodha ibaki na hesabu ile ile ya batu, weka Ngoy Séraphin kwa hiyo nafasi. Kasai siijui, lakini Mulumba pia haijui.

7. Ombi langu ni dogo. Mulumba asiondoke mpaka amalize kazi. Swichi inaomba kujaribiwa na kuran ya nyumba, na kuran inakuja masaa mawili kwa juma, ikipenda. Kila waya ijaribiwe wakati wa mvua, kisha wakati wa jua, kisha tena, kwa usalama wa taifa. Yeye ni Mukatoliki, siku ya mungu hafanyi kazi. Nimepiga hesabu yote: atamaliza mwaka wa 2031. Siku ile ofisi yako ije, tutazungumza.

Nakushukuru kwa uvumilivu wako. Nisalimie mama wa nyumbani, batoto, na mulinzi wa ofisi yako mwenye kikohozi. Nisalimie na wale vijana wa kaye, bao bote, na barudishe kalamu.

Ni mimi mwenye kukuheshimu,
Ngoy Séraphin

Nyongeza: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, Mulumba akaingia. Amefunga swichi. Ameniletea karatasi mbili za kaye ya shule, amechora waya zote kumi na saba na vitambaa byake, kila moja na kazi yake; penye vidole ni udongo, waya ya kushusha kuran chini, kumbe. Kwa mahali tatu ameandika kwa herufi kubwa NGOY USIGUSE. Kuran imekuja leo, nimejaribu mwenyewe, nyumba, kisha batri, kisha nyumba: taa inawaka, frigo inanguruma, nimeelewa byote, hata Mwadi ameelewa. Kisha amekunywa chai yangu na ameenda kusaidia Bilonda kufunga mizigo. Basi, Tata, namba ya kwanza mpaka ya saba, futa. Kazi imeisha. Huyu mutu simuhitaji tena kwa kitu yoyote. Mumuache.